Nilimwambia Bibi Hamna Mvinyo

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu najijua, nikianza kuzungukazunguka nitaishia kumtwika mtu mwingine. Nilimlisha bibi wa watu mvinyo. Mwislamu, mtu wa swala tano, nikimtazama machoni na kumwambia hamna kitu. Kisha nikafanya baya zaidi ya hilo. Soma mpaka mwisho, na ukitaka kunitukana nitukane, sitajibu.

Mimi ni wa Malindi. Kwetu Waitaliano ni wengi, na nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye duka la aiskrimu la mmoja wao. Kiitaliano nilikiokota hapo hapo nikiosha vikombe. Ndicho kilichonipeleka Maskati, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Hoteli fulani ilikuwa na mkahawa wa Kiitaliano, mpishi mkuu Mwitaliano, na walitaka weita atakayeelewana naye. Mama alitangaza mtaa mzima kwamba nimepata Italia yangu bila kufika Italia. Na mimi nilivimba kichwa, usiniulize!

Chumba chetu kilikuwa mtaa wa Hamriya, juu ya duka la fundi cherehani. Nilikaa na msichana wa Tanga ambaye nitamwita Mwanaidi, si jina lake. Alikuwa msafishaji katika hoteli hiyo hiyo. Basi la kampuni lilituchukua pamoja na kuturudisha pamoja. Ijumaa asubuhi, ndiyo siku ya ibada kule hata kwa Wakristo, mimi nilikwenda kanisani Ruwi, yeye akabaki kufua yunifomu zetu zote mbili, kisha tukaingia zamu ya mchana. Akipika wali wa nazi aliniachia ukoko kwa sababu alijua naupenda. Kwao alikuwa na wadogo zake watatu waliosoma kwa kazi ile ya kusugua vyoo. Nataka umkumbuke msichana huyo.

Sasa huyo bibi. Nitamwita Bi Zuhura. Mwomani aliyezaliwa Unguja, nyumba yake Al Khoudh, na kila Ijumaa baada ya swala mwanawe alimleta kula kwetu. Siku moja alinisikia nikimgombeza mwenzangu kwa Kiswahili, akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Tangu hapo hakukubali kuhudumiwa na mtu mwingine. Aliniletea halua, mkate wa ufuta, mara moja kanga nzima, mpya. Alichopenda ni tambi za mchuzi wa nyama, na kila mara kabla ya kuagiza alinishika mkono.

"Mwanangu, mna ulevi humu? Nnakuuliza wewe, simuulizi yule mzungu. Wewe mtu wetu, hutonificha."

"Hamna, Bibi."

Na kweli hamkuwa na kitu. Jikoni mchuzi ulipikwa kwenye sufuria mbili, moja ya mvinyo na moja bila, na kila mfanyakazi alijua ipi ni ipi.

Baada ya Idi msaidizi mmoja wa jikoni akaondoka na hakuletwa mwingine. Mpishi mkuu akachoka kupika mara mbili. Nilimwona kwa macho yangu akimimina chupa ndani ya sufuria moja kubwa, ile ya pili imefunikwa juu ya rafu. Nikamuuliza kwa Kiitaliano, na mchuzi wa Waislamu uko wapi? Akasema mvinyo hukauka motoni na hakuna aliyekufa. Kisha akaniambia nafasi ya kapteni wa maweita imewadia, na kapteni ni mtu anayejua kunyamaza.

Nikanyamaza! Hakunipiga, hakunitisha, alinionyesha kacheo tu na mimi nikakimbilia. Ijumaa iliyofuata Bi Zuhura akanishika mkono, akauliza, nikamjibu hamna. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Ijumaa ya pili ikawa rahisi zaidi, na baada ya hapo nilijibu huku nikifuta meza.

Yule mpishi namchukia mpaka leo na sioni haya kusema. Lakini yeye hajawahi kumwambia Bi Zuhura neno lolote. Maneno yote yalitoka kinywani mwangu, kwa Kiswahili cha kwetu.

Mambo yaliharibika siku moja mchana, wakati wa mapumziko ya kati ya zamu. Nilikuwa nimebeba chombo cha tambi zilizobaki, nimezileta Hamriya nizile jioni. Nilipotoka kuoga nikamkuta Mwanaidi ameshajipakulia, ana njaa, kijiko kiko njiani kwenda mdomoni. Nikairukia ile sahani nikamnyang'anya. Mchuzi ukamwagika kwenye godoro.

Aliuliza kuna nini. Nikamwambia asile, una pombe, siku hizi wote una pombe. Nilisema kwa upendo, wallahi, nilidhani atanishukuru. Mwanaidi aliliangalia lile doa. Alimjua Bi Zuhura. Ile halua tulikuwa tunakula wote.

"Na Bibi anakula nini?" akauliza.

Nikachukua kitambaa nikaanza kusugua godoro.

"Mimi umeninyang'anya sahani," akasema. "Yeye unampelekea kwa mikono miwili."

Alinipa mpaka Ijumaa. Alisema nikimwambia Bibi mwenyewe yeye hatafungua mdomo, hata kazini hakuna atakayejua limetoka wapi. Nisipomwambia, atamwambia yeye. Nilikasirika! Nilimwita mchonganishi, nikamwambia ana wivu kwa kuwa yeye ni wa ndoo na mimi ni wa mezani. Ndiyo, nilimwambia hivyo mtu aliyekuwa ananifulia nguo.

Ijumaa ikafika, na Bi Zuhura hakuja na mwanawe peke yake. Alikuja na dada yake kutoka Unguja, bibi mwembamba mwenye miwani, ambaye hawakuwa wameonana tangu usichana wao. Alikuwa amemwahidi tambi, na amemwahidi kumwonyesha mimi. Aliniita nisimame katikati yao nishikwe mikono yote miwili. Akauliza swali lake lile lile, safari hii kwa furaha, ili dada yake asikie jibu na atulie.

Nafasi nilikuwa nayo pale. Kusema tu, Bibi, leo kula samaki. Neno moja dogo, na hata sababu nisingehitaji kuitoa. Nilimwona mpishi mkuu ananitazama kupitia dirisha la jikoni. Nikasema hamna, Bibi, kuleni kwa raha zenu.

Walikuwa wameanza kula Mwanaidi alipoingia. Wasafishaji hawakuruhusiwa kukanyaga ukumbini wageni wakiwepo, na yeye aliingia na yunifomu yake ya kijani na glavu mkononi, akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza. Aliinama kwa adabu, akamwamkia shikamoo kwanza.

"Bibi, humo mna pombe," akasema. "Si leo tu, tangu baada ya Idi. Dada huyu anayewahudumia anajua."

Bi Zuhura akaweka uma chini. Dada yake alikuwa ameshaziba mdomo kwa kitambaa. Yule mwana akasimama, akamwita meneja, na mpishi mkuu naye akatoka jikoni akipangusa mikono. Mwana aliuliza kwa Kiarabu, meneja akageuka kuniuliza mimi kwa Kiingereza kama ni kweli. Mpishi akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiitaliano, kama anayejisemea, "Leo tu. Sema ni leo tu." Ukumbi mzima ule, aliyeelewa ni mimi peke yangu.

Bi Zuhura hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Leo tu, Bibi," nikasema. "Sufuria zimechanganywa. Sikujua. Huyu ana ugomvi na mimi chumbani." Nikayarudia kwa Kiingereza ili meneja asikie.

Hiyo sentensi ya mwisho hakuna aliyenifundisha! Mpishi hakuisema. Nilijitungia mwenyewe, papo hapo, na iliingia vizuri kuliko zote. Meneja alimshika Mwanaidi mkono akamtoa. Wale mabibi waliletewa maji wakasukutua, wakaombwa radhi, na Bi Zuhura alipokuwa anaondoka alinigusa shavu akaniambia nisilie.

Mwanaidi alifukuzwa kwa kuingia ukumbini na kusema uongo mbele ya wageni. Viza ilikuwa ya hoteli, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda ila kwao. Siku zile alizokuwa anasubiri tikiti tulilala chumba kimoja. Hakunigombeza. Alinunua kisufuria chake akawa anapika peke yake, na hakula tena kitu kilichopita mkononi mwangu, hata chai. Asubuhi ya kuondoka nilikuta yunifomu yangu imefuliwa na kukunjwa, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kufua. Nimempigia simu miaka na miaka. Akisikia ni mimi anakata. Nilisikia kwa watu kwamba mdogo wake mmoja aliacha shule mwaka ule ule.

Mimi nilipewa ukapteni. Nilivaa koti jeusi. Mpishi alimaliza mkataba akarudi kwao, meneja akahamia hoteli nyingine, na hakuna aliyewahi kuulizwa chochote.

Ungedhani basi yameisha. Miaka kadhaa baadaye, nimeshaacha hoteli nauza nguo Hamriya, Bi Zuhura akaingia dukani na mjukuu wake kutafuta shela. Alikuwa amezeeka sana. Alinitambua kabla sijajificha, akanikumbatia, akaniita mwanangu, akataka kujua kama nimeolewa. Kisha akakumbuka.

"Na yule msichana aliyekusingizia siku ile," akasema. "Mimi skumwombea mabaya. Nnamwambia Mungu amsamehe uongo wake."

Nikaitikia, "Amin."

Nimeiitikia kwa kinywa changu, mimi Mkristo, kwa Kiarabu, ili nimfurahishe! Dua ya kumwombea msamaha mtu pekee aliyesema kweli. Nilimpunguzia bei ya shela na akaenda zake akiniombea mume mwema. Hasira niliyo nayo tangu siku hiyo sina pa kuipeleka. Zamani niliielekeza kwa mpishi, na anastahili, lakini mpishi hakuwepo dukani.

Wewe kijana uliye ughaibuni, unayebeba sahani au kusukuma kiti cha mzee au kukaa kaunta, nisikilize. Kuna siku atakuja mtu atakayekuamini kwa sababu tu unasema lugha yake. Hatakuomba karatasi wala ushahidi, atakushika mkono tu. Usimdanganye huyo kwa ajili ya tajiri wako. Cheo nilichopata nilikivaa miaka miwili, na koti lenyewe walinidai nilipoondoka.

Namalizia na wewe, Bi Zuhura, kama bado uko na kuna mjukuu anayekusomea haya. Al Khoudh nimefika mara mbili, nikaona geti lako, nikarudi. Ni uoga, sina jina lingine la kuupa. Haikuwa leo tu, Bibi. Ilikuwa kila Ijumaa tangu baada ya Idi, na nilijua. Mwanaidi hakukudanganya hata neno moja. Ile dua uliyomwombea kwa uongo wake, mtoe yeye, uniweke mimi.