Debe Namba Saba

Enzi zetu, mtoto wa kike alipata debe lake kabla hajapata kiatu. Langu lilikuwa debe la mafuta ya kupikia, limebonyea ubavu mmoja, na Tata alikuwa ameliandika namba saba kwa rangi nyekundu. Tata ndivyo sisi Abagusii tunavyomwita baba. Wenzangu mliokulia Nyacheki, Kenyenya na vilima vya huko mnajua kwamba kuteka maji hakukuwa jambo la kujisifia, kila msichana aliteka. Lakini maji ya namba saba hayakuwa ya kupikia wala ya kuogea. Yalikuwa maji ya moto, kwa maana ya kuzimia moto, na ole wako ukutwe umeyanawia miguu.

Kama hukukulia Gusii, huenda unadhani radi ni kelele tu. Kwetu radi ilikuwa kama jirani. Asubuhi jua linawaka, akina mama wanachuma majani chai huku wakipiga soga, ikifika saa tisa mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, na kabla hujafika nyumbani mbuzi wa mtu amekwisha kufa. Na nyumba zetu zote ziliezekwa kwa nyasi. Mwaka nilipoingia darasa la pili, nyumba tatu ziliungua kwenye kilima chetu peke yake. Si kwamba watu hawakuja kusaidia. Walikuja wote kwa pamoja, kila mmoja na kelele zake na ushauri wake, na maji yalipofika yalikuta viazi vya mwenye nyumba vimeshaiva.

Tata alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye mashamba makubwa ya chai kule Kericho, na huko walimtia kwenye kikosi cha kuzima moto. Aliporudi nyumbani moja kwa moja, alirudi na mablanketi mawili, filimbi ya shaba, na ugonjwa wa kupanga watu mistari. Hata sisi wanawe alitupanga mstari kwenda kulala. Baada ya nyumba ya tatu kuungua, aliwaita watu wa kilima akawaambia kwamba moto hauogopi wingi wa watu, unaogopa mpango. Wazee walimcheka, lakini hakuna aliyekuwa na wazo lingine, na kikosi kikaanza hivyo.

Vifaa vyetu mngeviona mngecheka. Ngazi mbili za miti ya mikaratusi. Kulabu nne zenye mipini mirefu, kazi ya mhunzi wetu, za kuvutia nyasi zinazoungua chini. Magunia ya kulowesha. Madebe kumi na mawili, kila moja na namba yake na msichana wake. Ringi ya gurudumu la lori ilitundikwa kwenye mti pale njia panda, ikigongwa kwa chuma hata mkulima wa bonde la pili anasikia. Na kila boma lililazimika kuacha mgomba mmoja karibu na nyumba, si kwa ajili ya ndizi, bali wa kukatwa siku ya hatari. Mgomba umejaa maji kama dodoki lililosahauliwa mtoni, na ukiukata vipande ukavirusha juu ya paa, vinanyamazisha moto vizuri sana. Watoto wa siku hizi wanadhani mgomba kazi yake ni kuzaa tu.

Pampu ndiyo iliyotusumbua. Msimu mzima kila nyumba ilitoa mkungu wa ndizi, akina mama wakabeba kuuza sokoni Daraja Mbili, na mwisho wakarudi na pampu ya mkono iliyowahi kunyunyizia kahawa dawa, imechoka lakini bado ina pumzi. Wanaume wanne waliibeba kupanda kilima kwenye machela ya wagonjwa, watu wakaipokea kwa nyimbo kama bibi harusi. Siku ya kwanza ya kuijaribu, mpira wa maji uliwaponyoka, ukamwosha mzee wa kanisa na suti yake yote. Alisimama akichuruzika, akasema kwa upole kwamba alikuwa amekwisha kubatizwa. Nilicheka mpaka nikamwaga namba saba, nikarudishwa mtoni.

Kulikuwa pia na kofia ya chuma ya Mzee Onchiri, aliyopata vitani ugenini. Kila mtu aliitaka. Ikakubaliwa kwamba aivae mwanamume yule tu anayepanda ngazi au kuingia motoni, na mazoezi yakiisha irudi kwa Mzee Onchiri, kwa sababu kuku wake walizoea kunywea maji humo.

Mazoezi yalikuwa Jumapili alasiri, na hilo nalo lilikuwa na hekima yake. Sisi upande wetu wa mto tulikuwa Wasabato, ng'ambo walikuwa Wakatoliki. Jumamosi sisi tukiwa kanisani, wao walilinda vilima vyote viwili. Jumapili asubuhi wao wakienda misa, mbali kweli, zamu ilikuwa yetu. Alasiri tulikutana wote. Kibanda cha nyasi kuukuu kilijengwa makusudi na kuchomwa, filimbi ikalia, nasi wasichana tukapeana madebe kutoka mtoni hadi juu, tukiimba ili mikono iende pamoja. Kisha chakula: viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, uji wa wimbi kwenye vibuyu, na maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi ambayo sijayaonja tena tangu mama alipofariki. Moto ulikuwa sikukuu yetu.

Bibi yangu mzaa baba, Magokoro, hakuandikwa kwenye kikosi. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu na ulimi wake ulikuwa mzima kupita kiasi. Aliketi pembeni na fimbo yake akikosoa kila kitu. Alimwita mwanawe "bwana filimbi". Lakini ni yeye aliyepita kila jioni akigonga madebe kwa fimbo ili asikie kama yamejaa, na langu aligonga mara mbili, kwa kuwa alinijua.

Sasa niwaeleze jambo ambalo vijana hawaliamini. Kwetu kuna ensoni, yaani heshima yenye haya ndani yake. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata chungu kikiwa kinaungua jikoni, atasimama nje aite. Na ndugu zake baba nao ni baba zako, kwa hiyo nao hawaingii. Kwenye kilima cha ukoo mmoja, hesabu hiyo si ndogo. Tata aliijua vizuri. Alikuwa na daftari alimoandika kila nyumba na nani anaruhusiwa kuingia akiwa amevaa kofia ya chuma: kwa huyu ataingia fulani kwa sababu ni wa rika lake, kwa yule ataingia Mkatoliki wa ng'ambo asiye na undugu. Wazee waliisifu kazi hiyo kuliko hata pampu.

Kasoro ilikuwa moja. Daftari liliandikwa kabla kaka yangu mkubwa, Ombati, hajaoa. Akaoa, akajengewa nyumba yake hatua chache kutoka kwetu, mkewe Nyaboke akazaa mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa Tata. Daftari halikuguswa. Mganga hajigangi, nalo boma la bwana filimbi halikuwa kwenye daftari la bwana filimbi.

Ikawa Jumapili asubuhi. Wakatoliki wako misani. Vijana wetu wote wamekwenda Kenyenya kucheza mpira, na Ombati ndiye golikipa. Nyaboke alimlaza mtoto, akashuka mtoni mara moja tu, kama tulivyofanya sote. Cheche za mekoni zikapanda kwenye mahindi yaliyotundikwa juu yakauke, na kutoka hapo hadi nyasi za paa ni shubiri moja. Mimi ndiye niliyeuona moshi. Niliigonga ringi kwa nguvu zangu zote.

Na kwa kweli kikosi kilikuja kama kilivyofundishwa. Filimbi ililia, wanawake na wasichana wakajipanga kutoka mtoni, madebe yakapanda, mgomba ukaangushwa, kulabu zikashika paa kwa nyuma. Tata alikuwa mbele akiamuru, na moyo wangu ulijaa fahari. Kisha mtoto akalia ndani.

Kila mtu alisimama. Mzee Onchiri alikuwa na kofia yake kichwani, akaangalia mlango, akarudi nyuma: yeye ni baba mdogo wa Ombati. Akampa kofia aliyemfuata. Huyo naye ni baba mdogo. Kofia ikapita mikono mitano, kila mmoja akitaja undugu wake kwa sauti ya chini, mpaka ikamfikia Tata mwenyewe. Chini kule Nyaboke alikuwa ameshikwa na wanawake wawili akipambana kupanda. Tata alisimama hatua mbili kutoka mlangoni na kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona baba yangu hajui la kufanya. Huyo ndani ni mjukuu wake. Mlango ule ni wa mwanawe. Sikuwa nimewahi kuogopa namna ile.

Magokoro alikuja akichechemea. Alininyang'anya namba saba, na ninamshukuru Mungu hadi leo kwamba debe lilikuwa limejaa. Akalimimina lote kichwani mwa mwanawe, maji yakamshuka mpaka viatuni.

"Nyumba ikishika moto si nyumba tena," alisema. "Ni moto. Na moto hauna ensoni na mtu. Ingia."

Tata akaingia.

Sijui ulikuwa muda gani. Sisi tulioshika madebe tulisahau kuyapeana. Kisha akatoka ameinama, mjukuu amefungwa ndani ya koti lililolowa, uso wa mtoto mweusi kwa masizi, anapiga chafya. Nyaboke akafika mbio. Na Tata, moshi ukimtoka nguoni, akageuza uso pembeni kumwonea haya mkwewe, akanyoosha mikono bila kumtazama, akampa mtoto wake.

"Nimeingia nimefumba macho," alituambia sote, kwa sauti kubwa kama anayeapa. "Nimemfuata mtoto kwa kilio chake. Sikuona kitu."

Magokoro alisema moshi ule ungemfumba macho hata bundi. Watu wakaangua kicheko, kile cha watu waliotaka kulia, na ndipo Tata akakumbuka kwamba paa bado linaungua, akapuliza filimbi. Tuliokoa kuta zote na nusu ya paa. Wakatoliki walirudi kutoka misani wakatukuta tunakula. Wazee walitaka kujadili kama kuna mwiko uliovunjwa, na Magokoro akawauliza ni nani kati yao angependa kulijadili na mtoto akishakua. Jioni ile Tata aliandika maneno ya mama yake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, yakawa sheria ya kikosi. Ombati alirudi usiku amefungwa mabao manne, hata hakuna aliyemuuliza.

Baadaye mabati yalikuja, nyumba za nyasi zikaisha, na kikosi kikafifia bila mkutano wa kukivunja. Pampu ilirudi kunyunyizia kahawa. Kofia ilibaki na kuku. Leo moto ukitokea, vijana wanafika upesi kuliko sisi, nakubali, lakini wanafika na simu mkononi, na picha inawaka vizuri kuliko nyumba. Waambie wapange mstari wa kupeana ndoo, watakuuliza kundi la mstari liko wapi kwenye simu wajiunge.

Tata alizeeka sana. Ombati alikwisha kujenga nyumba ya mawe, yenye makochi na mapazia. Kila Tata alipomtembelea, kiti chake kililetwa nje, chai ikamfuata hapo hapo. Alasiri moja mvua yetu ya saa tisa ilimkuta barazani, magoti yanalowa. Yule mtoto wa motoni, sasa mwanamume mwenye ndevu, akamsihi: mambo hayo yamepitwa na wakati, Babu, ingia ndani. Tata alitazama paa, akatazama mlango, akanusa hewa bila haraka.

"Kwani inaungua?" akauliza, akaendelea na chai yake.

Mimi kwa mwanangu Nairobi huingia mpaka jikoni. Hufungua friji mwenyewe, na mkwe wangu hunikaribisha kwa furaha. Nayapenda mambo haya, sitasema uongo. Lakini miaka minne nimekuwa nikienda pale, na sijui jina la mtu wa mlango wa pili, wala yeye langu, na geti lote lina walinzi lakini halina ringi ya kugonga. Kwa hiyo kabla ya kulala huchukua ndoo, nikaijaza, nikaiweka karibu na mlango. Wajukuu hunicheka, wanasema Nyanya anaota mto. Nawaacha wacheke. Wakishalala, huipiga ile ndoo kwa kidole, mara mbili, nisikie kama imejaa.