Kiti Nilichokikataa Baba Dogo

Aibu hii nimeibeba tangu miaka ya themanini, na kwa kuwa wengi walioishuhudia wamekwishatangulia, heri niisimulie mwenyewe kabla wajukuu hawajaitia chumvi.

Tulikuwa tukiishi Dandora, na mdogo wangu, Kamau, alikuwa amepata mchumba katika mtaa wa Baba Dogo, binti aitwaye Nyambura. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo msemaji wa posa nilikuwa mimi, na asubuhi ya siku yenyewe nikaamka na mafua, sauti imekwaruza kama ya jogoo mgonjwa, nikakimbilia zahanati.

Daktari alinichungulia koo, akasema ni mafua tu, ninywe maji moto na nipumzike.

“Nimepanga foleni tangu alfajiri, daktari, halafu unipe maji?” nikamwambia. “Nidunge ile nyeupe kama maziwa.”

(Siku hizo mtaani kwetu, aliyetoka hospitalini bila sindano alihesabiwa kuwa hakutibiwa.) Akanieleza kwamba penisilini haiondoi mafua, nami nikakohoa kwa makusudi, nikashika kifua, na wale wa nyuma wakaanza kunung'unika kwamba nawachelewesha, hadi akachoka, akaandika. Dawa ilikuwa nyingi, muuguzi akaigawa, nusu kalio la kulia, nusu la kushoto, na mimi nikaona nimeheshimiwa.

Mimi na Kamau tulipita mtaa wa Lucky Summer kwa miguu, na kila hatua makalio yalizidi kukakamaa. Baba Dogo tukapokewa vizuri, nikaonyeshwa kiti cha mbele, nikasema, kwa sauti ileile ya jogoo (sindano haikuigusa), kwamba nitasimama tu. Wakanikaribisha tena, nikakataa tena. Mgeni wa posa akikataa kiti, wenyeji huelewa kwamba amekuja kuvunja maneno, na nilimwona Nyambura, amesimama mlangoni na birika, akimtazama Kamau kama anayemuaga.

Baba yake Nyambura akauliza polepole, “Kijana, nyumba yetu ina kasoro gani?”

Ikabidi niseme. Mbele ya wazee na akina mama nikaeleza kwamba sindano ni mbili, zimedungwa wapi, na kwamba nilizililia mwenyewe.

Mama yake Nyambura akaingia chumba cha ndani. Kamau akainamisha kichwa. Mama akarudi na mto wa maua aliyoyadarizi mwenyewe, akauweka kitini.

“Keti, msemaji,” akasema. “Ukishaketi, utuambie umekuja kuomba nini, maana sindano hatuna.”

Walicheka hadi majirani wakachungulia, na posa ikakubaliwa.

Kwa miaka yote iliyofuata, kila nilipobisha pale, mama yule aliutoa mto kabla ya chai. Alipofariki, Nyambura aliniletea mto huo. Sijaomba sindano tena. Mafua yakinijia nachemsha maji, naukalia mto wangu, nangoja yaishe. Na huwa yanaisha.