Nalala Usiku Kucha na Mchana Nalala Tena, Sasa Mama Mkwe Anamfuata Mtoto

Admin, naomba unifichie jina, maana mawifi zangu wote wamo humu na wanasoma mpaka komenti. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tano, naishi Tunduma na mume wangu na mtoto wetu mmoja wa kiume, ndiyo kwanza anatembea vizuri. Shule niliishia la saba, kwa hiyo nikichanganya mnivumilie.

Nina baridi yabisi. Ilinianza nikiwa binti kwetu Mbozi, msimu wa kuchuma kahawa, vidole vikavimba nikawa sishiki hata kikombe. Nikaolewa nayo hivyo hivyo. Nilipojifungua ikaja kwa nguvu, ikawa asubuhi mume wangu ndiye ananifunga kanga. Hospitali wakanipa vidonge, na vilipoisha nikawa naendelea kununua duka la dawa, kwa sababu kweli vilinisaidia. Vidole vikarudi. Na mimi nikanenepa, mashavu, shingo, mabega, nguo zote nikagawa. Kila mtu alifurahi. Mama mkwe alipokuja kutusalimia kutoka Ivuna, alinizunguka kama anakagua ng'ombe, akamwambia mwanawe, "Umemtunza. Sasa huyu ndiyo mwanamke." Na mimi nikajua nimepona.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza. Nalala mapema, naamka kichwa kizito na mdomo mkavu kama sijalala kabisa. Nikaanza na kukoroma. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, amezoea kelele, akawa ananitania. "Mama mtoto, jana umepandisha lori la shaba mlimani usiku kucha. Ulipofika juu ukazima injini, kimya. Nikakutikisa ndiyo ukawaka tena." Tukawa tunacheka. Mawifi nao wakasema nina usingizi wa matajiri.

Nikawa nasinzia nikichambua mchele, nasinzia kanisani, nasinzia mtoto akiwa ananyonya. Uchovu huu siyo ule wa kulima. Ni kama mtu amekufunika blanketi zito na watu wanaongea nje yake. Unawasikia, ila hayakuhusu.

Nyumba yetu iko jirani na barabara, malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yanapanga foleni hapo hapo. Siku moja mchana nilikaa mkekani na mtoto. Nilichokuja kusikia ni mtu ananigusa bega. Dereva wa Kizambia, amembeba mwanangu, mtoto ana grisi mikononi mpaka mdomoni.

"Bamayo," akasema, ndivyo wanavyomwita mama, "huyu nimemtoa chini ya tairi. Foleni ilikuwa inataka kusogea."

Nikampokea. Nikasema asante baba. Nikamfuta mdomo kwa kanga, nikaegemea ukuta. Aliyelia ni jirani yangu. Mimi sikulia, na siyo kwamba nilijikaza. Hakukuwa na kitu cha kulia ndani.

Habari zikafika Ivuna. Mama mkwe akanipigia, tena kwa upole. "Mwanangu, sikulaumu. Mtoto ameshakua, nije nimchukue nimwachishe ziwa huku kwangu. Wewe pumzika." Nikajibu, "Sawa mama," kama mtu aliyeambiwa chai iko tayari. Simu ilipokatika nikalala.

Mume wangu akanipeleka hospitali, akidhani nimeishiwa damu. Daktari akamuuliza nikilala nakuwaje, naye akamsimulia ule utani wake wa lori la shaba. Daktari hakucheka. Aliacha kuandika akamuuliza, "Hiyo injini kuzima, ni kila usiku?"

"Kila usiku, daktari. Mara nyingi. Mimi nilidhani ni unene wa afya."

Ndipo akatueleza kwamba nikilala koo linaziba, pumzi inakatika, mwili unashtuka kuitafuta, halafu inakatika tena mpaka asubuhi. Nalala ila sipumziki. Akasema wenye ugonjwa wa viungo kama wangu tatizo hili linawapata sana, na unene ulioletwa na vidonge umeliongeza. Nisiviache ghafla, vitapunguzwa taratibu. Ametuandikia twende Mbeya nikapimwe usingizi wenyewe. Kwa sasa nilale ubavu, nisilale chali. Mume wangu akatafuta gunzi la hindi, akalifunga kwenye kanga mgongoni kwangu, nikigeuka linanichoma narudi ubavu. Amefanya hivyo kila siku bila kuambiwa.

Sasa yeye anasema mama yake yuko sahihi, mtoto aende, mimi nitibiwe, na yeye aende kazini bila kuwaza malori. Najua hasemi vibaya. Ila naogopa mtoto akiondoka wakati huu, nitampungia mkono nirudi ndani kulala, na akirudi atakuwa anamwita bibi yake mama, na hilo nalo nitaliitikia sawa.

Juzi niliamka mwenyewe kabla ya mtoto. Haijatokea siku nyingi. Nikamwangalia, nikamnusa shingoni, ananuka maziwa yaliyochacha. Kifuani kikapita kitu kidogo. Siyo furaha. Mnajua mguu ukifa ganzi, unavyoanza kuchomachoma ukitaka kurudi? Hivyo. Nikakaa kimya kisiondoke. Nataka kikirudi chote, mwanangu awe hapa.

Natamani mama mkwe aje akae na sisi mpaka nipone, badala ya kumchukua. Lakini ana ng'ombe zake, na mimi mkwe nilishasema sawa. Anakuja Jumamosi. Ninyi mliowahi kumwambia mama mkwe sawa kisha mkarudi nyuma, mlianzaje? Nimpe mtoto, au nimpigie magoti nimwombe abaki naye hapa? Nisaidieni kabla hajafika. Nitasoma yote, nikisinzia mume wangu atanisomea.