Siku Tulipoiwasha Supachaja

Kaka yangu alikuwa na pikipiki kubwa ya silinda nne, iliyofika bandarini ikiwa imegongwa mbele, akaitengeneza mwenyewe mpaka ikasimama. Kwetu Magogoni hakukuwa na nyingine kama ile. Vijana wa boda walikuwa na zao ndogo za kubebea abiria, na kaka akipita walinyamaza mpaka mlio upotelee barabara ya Malindi. Lakini yeye hakutosheka. Alitaka kuifungia supachaja.

Supachaja ni pampu ya hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa kadiri ya uwezo wake. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini yenyewe, nayo huishindilia hewa ndani, na hewa na petroli vikizidi, nguvu nazo huzidi. Ya kaka ilitoka kwenye gari dogo lililovunjwa kwa spea. Ndani ina vyuma viwili vinavyozunguka vikipishana, vimekaribiana sana, unywele tu ndio utakaopita katikati.

Haukuwa mchezo. Mjomba alikuwa amemtafutia kaka kazi ya ulinzi Arabuni na karatasi zilikuwa karibu kutoka. Kaka hakutaka kwenda, na mama hakutaka hata kulisikia neno hilo. Baba alikwenda huko tukiwa wadogo, akaoa huko, akanyamaza. Ndipo mwenye gereji mmoja wa Changamwe, anayetengeneza pikipiki za mashindano, akasema atakuja kuiona kazi ya kaka. Ikikimbia, atamchukua awe fundi wake. Kaka akamwambia mjomba, "Ningoje mpaka aje. Isipokimbia, nitakwenda, wallahi sitakusumbua tena."

Tulifanya kazi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mimi si msemaji, na kaka alilipenda hilo. Nilikata vipande vya alumini kwa msumeno wa chuma, nikavilainisha kwa tupa, na yeye akavijaribu, akavirudisha, nikalainisha tena. Gasketi ya kichwa cha injini aliikata mwenyewe kwa bati nene la shaba, ili pistoni zisiibane hewa kupita kiasi, maana sasa ingeingia nyingi. Vijana wa boda walikuja kuchungulia.

"Bwana fundi," mmoja alisema, "ukiiwasha hiyo utafika Mtwapa, roho iko bado Kisauni."

"Nitarudi kuifuata kwa pikipiki yako," kaka alimjibu. "Hiyo iko polepole, haiachi roho nyuma."

Kitu kimoja tu kilibaki. Chujio cha hewa cha zamani kiligonga tangi, na fundi wa bati wa Mjambere alikuwa bado hajamaliza kutengeneza kisanduku kipya. Kwa hiyo mdomo wa supachaja ulikuwa wazi, ukitazama juu, pembeni ya tangi. Kaka alisema kuiwasha kidogo kwa kujaribu hakutadhuru, vumbi tutalizuia kwa kumwagia maji uani. Tukamwaga maji.

Tuliiwasha baada ya sala ya alasiri, siku moja kabla ya yule bwana wa Changamwe kuja. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, kisha ikashika. Juu ya ngurumo ya injini kulikuwa na mlio mwembamba, kama mluzi wa mtu aliye mbali. Kaka alinitazama. Sijamwona akicheka vile tena.

"Unaisikia?" alisema. "Inapumua."

Mama aliusikia mlio ule akiwa jikoni, naye alikuwa amejitayarisha. Alitoka na chetezo mkono mmoja, udi ukifuka, na mkono mwingine sahani yenye asmini, bisi na sarafu, vile vitu tunavyomwagia bwana harusi akiingia nyumbani. Watoto wa jirani walimfuata, maana wanajua sarafu zikianguka ni zao. Mama yao alichungulia juu ya ua.

"Haya, leo tunamwoza nani?"

"Namwoza mwanangu na kazi yake," mama alisema. "Asende mahali."

"Basi bibi harusi anapiga kelele."

Mama alicheka. Alizunguka na chetezo, akasoma anachosoma, midomo ikienda taratibu. Kaka alikuwa ameinama upande wa pili akigeuza skrubu ya kabureta, sikio lake limelala karibu na injini. Hakumwona mama akiuinua mkono. Mimi nilimwona, nikafikiri anarusha maua tu.

Ulitoka mlio mmoja wa chuma, mkavu, kisha mkanda ukakatika ukapiga mabati. Injini iliendelea kidogo ikigonga ndani, ikasimama. Watoto walikuwa chini wakigombania sarafu.

Mama alisema, "Imekuwaje?"

"Subiri, mama," kaka alisema. "Rudi ndani kwanza."

Tulifungua bolti. Katikati ya vile vyuma viwili ilikuwamo sarafu, imepindwa kama ganda, na bisi moja imeshikamana nayo. Chuma kimoja kilikuwa kimepasuka, na vipande vilikuwa vimekwisha kuvutwa kwenye silinda. Kaka aliizungusha injini kwa spana, ikakwama. Aliitoa ile sarafu kwa koleo, akaitazama, akaitia mfukoni. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, "Ni mkanda. Akikuuliza, ni mkanda. Umenielewa?"

Nilimwambia nimeelewa.

Yule bwana wa Changamwe alikuja kesho yake, akaikuta injini iko chini imefunguliwa. Alikuwa mpole. Alizishika zile alumini zangu, akasema zimekatwa vizuri. Kisha akamwambia kaka, "Ukiimaliza nipigie simu," na kaka akasema inshallah. Wote watatu tulijua kwamba haitamalizika. Injini nyingine kama ile isingepatikana kwa pesa zetu, na mjomba alikuwa amengoja kiasi chake.

Kaka aliondoka kabla ya Ramadhani. Mama hakulia uwanja wa ndege. Siku za mwanzo alisema ni riziki, na watu walipokuja kumpa pole aliwajibu vizuri. Lakini jioni moja nikichambua mchele naye uani, aliniuliza.

"Kile kitu kilivunjika nini hasa?"

"Mkanda, mama."

Alichambua kidogo, akatoa chuya, akaitupa.

"Mkanda tu?"

"Naam."

"Mikanda si imejaa maduka ya Kongowea?"

Niliinama kutafuta chuya.

"Basi alikuwa anataka kwenda," alisema. "Mkanda ulikuwa sababu. Wanaume wa nyumba hii wakitaka kwenda hawakosi sababu."

Nilifungua mdomo. Ningemwambia ukweli, angejua kwamba mwanawe alitaka kukaa, na angejua pia ni mkono wa nani uliomtoa. Sikujua lipi lingemuumiza zaidi, na hadi sasa sijui. Nikaufunga mdomo.

Kaka hupiga simu Ijumaa. Anauliza kama mama yuko salama, namwambia yuko salama. Nikimpa mama simu, huzungumza naye kwa adabu, kama mtu anavyozungumza na mgeni.