Kiapo cha Mkaazi

Mkadam Simai alipika katika meli za mizigo za Waingereza miaka ishirini na kitu. Kila alipoteremka Cardiff alipeleka mshahara wake benki, akamwambia karani wa dirishani maneno yale yale: "Hizi niwekeeni. Lakini riba yenu sitaki, mimi Muislamu." Karani akitabasamu, akitikisa kichwa, na riba wakaitia vilevile.

Mwaka 1968 alirudi Unguja. Kwao hasa ni Tumbatu, lakini alipanga chumba Malindi, ghorofani, akalitua sanduku lake la chuma katikati ya chumba. Kabati hakununua. Kila asubuhi alichomoa shati sandukuni, na jioni akalirudisha mumo humo, kama mtu anayengoja kuitwa bandarini wakati wowote.

Kilichomshika mjini ni Bi Biasha.

Biasha alikuwa mjane wa Mkunazini, mwenye mikono ya haraka na ulimi wa haraka zaidi, akichoma mikate ya ufuta kwenye baraza ya nyumba yake. Mkadam, aliyewahi kuwalisha manahodha wa kizungu wakaomba kuongezwa, alikula mkate wa kwanza wa Biasha, naye akaomba kuongezwa. Kesho yake akarudi. Keshokutwa akawahi hata kabla moto haujashika. Alikwishamposa mara mbili, na mara zote mbili jawabu lilikuwa moja.

"Bwana Mkadam, mimi nshazika mume. Sitaki mwengine wa kumpungia mkono gatini. Wewe hata hujui unakaa wapi."

"Nnakaa Malindi!"

"Unalala Malindi," akasema Biasha, akageuza mkate. "Kukaa ni jambo jengine."

Basi, mwaka uliofuata ikaja barua kutoka benki ya Cardiff. Mkadam aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena, kisha akacheka peke yake mpaka jirani akagonga ukuta. Idara ya kodi ya huko ilikuwa imetoa amri: kila mteja anayeishi nje ya Uingereza aape mbele ya afisa wa serikali ya pale alipo kwamba yeye ni mkaazi wa huko na hana nia ya kurudi. Asipoapa, benki itapeleka jina lake kwa watu wa kodi, naye atahesabiwa mkaazi wa Cardiff na kukatwa kodi. Kodi ya nini? Ya riba.

Asubuhi ile ile akavaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya kiua, akenda Vuga kwa Bwana Jecha, afisa wa viapo. Chumba kilijaa watu. Palikuwa na mzee wa Chwaka aliyekuja kuapa juu ya mbuzi wake aliyepotea, na akina mama watatu waliokuwa na kesi ya ukuta. Zamu yake ilipofika, Mkadam akaeleza.

"Ngoja nifahamu," akasema Jecha. "Wewe riba unakula?"

"Sili! Nimewakatalia tangu siku ya kwanza."

"Nao wanakutilia."

"Kwa nguvu."

"Na sasa wanataka kukukata kodi kwa kitu ulichokikataa."

"Ndivyo hivyo, Bwana."

Jecha alivua miwani. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka machozi, mzee wa Chwaka naye akacheka ingawa alikuwa hajasikia vizuri, na akina mama wa ukuta wakaulizana kulikoni. Jecha alipopata pumzi, akashika kalamu.

"Haya, tuandike. Nyumba ni yako?"

"Ya kupanga."

"Shamba?"

"Sina."

"Mke?"

"Bado." Mkadam akashusha sauti. "Nnajitahidi."

"Bwana wewe, huna nyumba, huna shamba, huna mke. Mimi nitaapisha vipi kwamba unakaa hapa? Niletee japo mtu mmoja anayekuona kila siku."

Mkadam hakuhitaji kufikiri. Alitoka mbio, kanzu ameishika mkononi, akapita vichochoro akiwapa watu salamu bila kusimama, mpaka Mkunazini. Biasha alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Bi Biasha, nakuomba. Njoo ukaape kwamba mimi nipo."

"Upo wapi?"

"Hapa! Unguja! Wazungu wa kodi hawasadiki!"

Biasha alimtazama mtu mzima yule anavyohema, jasho limelowesha kofia, na kicheko kikamponyoka. Alimwita dada yake Khamisa aangalie mkaa, akanawa, akavaa buibui, wakafuatana.

Pale ofisini hakungoja kuulizwa mara mbili. "Huyu? Kila siku ya Mungu yupo barazani kwangu. Moto sijauwasha, keshafika. Mvua ya masika mitaa yote imejaa maji, yeye yuko mlangoni na viatu mkononi. Mwezi wa Ramadhani mchana sichomi mikate, akaja vilevile, ati kunitakia saumu njema. Nikiugua, yeye ndiye wa kwanza kujua. Mwandike, Bwana. Huyu yupo. Yupo mno!"

Chumba kizima kilikuwa kinacheka. Mkadam uso ulimwaka, lakini hakujua kama ni haya au ni furaha.

"Limebaki suali moja," akasema Jecha. "Bi Biasha, unavyomjua, ana nia ya kuondoka?"

Biasha akakaza ukaya wa buibui kidevuni. Sauti yake ikapoa. "Hilo muulize mwenyewe. Na mimi nnalingojea jawabu lake."

Mkadam aliitazama karatasi, akamtazama Biasha. Barua ilikuwa imemuuliza suali hilo hilo naye akalipita mbio kama mambo ya maandishi tu. Sasa lilimfika moyoni. Aliona kwamba tangu ateremke melini hakuwahi kulijibu, hata mwenyewe kwa nafsi yake.

"Sina nia ya kuondoka," akasema. Akakohoa, akasema kwa sauti ya kuita wapishi wenzake: "Siondoki! Nnakaa hapa. Wallahi, nikitoka mjini, nitakwenda Mkokotoni kununua samaki, na jioni nimerudi!"

Mzee wa Chwaka akapiga makofi. Mama mmoja wa ukuta akapiga kigelegele, wenzake wakampokea, na kutoka chumba cha pili makarani wakachungulia kuuliza nani anaoa.

"Piga muhuri, Bwana," akasema Biasha. "Kisha andika na nakala yangu. Akija kusahau, nimsomee."

Benki ilipokea kiapo, kodi wakaiacha. Riba yenyewe, Mkadam aliwaandikia waipeleke katika hospitali ya mabaharia ya huko huko, wakamjibu kwa adabu kwamba wameipeleka. Lakini siku jawabu hilo lilipofika, yeye alikuwa hana wakati wa kusoma barua, kwa kuwa jamaa wa Tumbatu walikuwa wameshafika harusini na ngoma zao, na nyumba ya Mkunazini haikuwa na pa kuweka mguu.

Kadhi alikaa uwanjani pamoja na wanaume. Borafya, kaka yake Biasha, akaingia ndani pamoja na mashahidi kumtaka dada yake idhini. Bibi harusi kwa desturi hujiinamia, akaombwa na kubembelezwa. Borafya alisafisha koo, akaanza taratibu, kwa heshima zote: "Dada yangu Biasha, Mkadam bin Simai ameleta posa ya kutaka—"

"Nimekubali!" akasema Biasha.

"Sijamaliza!"

"Malizia njiani, kaka. Watu wana njaa."

Kicheko kilianza ndani kwa wanawake, kikatokeza uwanjani, na Mkadam, aliyekuwa ameinamisha kichwa mbele ya kadhi kwa unyenyekevu mkubwa, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka kilemba kikamtoka.