Nilimsema kipa tukila sinia moja

Rafiki zangu, leo nimeaibika mbele ya samaki.

Munajua mi siongei mbele ya watu, si Kiswahili, si Kifaransa.
Lakini kuhe, yule samaki mukubwa wa ziwa, wa Mama Zaina, pale sokoni Baraka, analegeza ulimi. (Nendeni mukale, kweli.)

Kwake wageni wanakula sinia moja. Nikanawa, nikakaa na wanaume watatu nisiowajua. Walikuwa wanasema mpira wa Jumapili, timu yetu ilipofungwa na Fizi.

Nikatoa maoni: "Kosa ni la kipa. Alibaki kwenye mustari kama nguzo."



Mumoja akaweka tonge chini. "Kipa ni mimi, mudogo wangu."

Uwanjani nilikaa mbali, sura yake sikuiona!

Akapanga miiba miwili katikati ya sinia. "Hii iko goli. Onyesha fasi ya kusimama."

Nikaonyesha kwa kipande cha ugali, nikakiweka mbele kidogo ya miiba.

Akatazama sana. Kisha akanivunjia kichwa cha samaki, fungu la mukubwa. "Jumapili kuja nyuma ya goli, uniambie kwa sauti."

Mungu amubariki. Hakuna mutu aliyewahi kuniuliza ninaona nini.

Sasa ninyi wenye sauti, niambieni: mutu anapiga kelele namna gani?