Mama Mapozi na Blauzi ya Karani

Katibu muhtasi wa mheshimiwa mbunge, ofisini wote walimwita Mama Mapozi, maana hata simu akiipokea utadhani anapigwa picha. Sauti laini, kucha fupi, na kila msichana anayeitwa ndani kwa mheshimiwa, lazima Mama Mapozi amkung'ute bega kwanza: "Haya, umependeza mwanangu, ingia." Karani mpya alimpenda kuliko shangazi zake wote. Ndiyo maana siku ile, alipotoka kwa mheshimiwa analia, blauzi haina vifungo viwili, alimkimbilia yeye.

"Mama, amenishika kwa nguvu! Twende ofisi ya utumishi tukaseme. Si umenisikia nikipiga kelele?" Mama Mapozi hakushtuka. Alivuta droo akatoa sindano, tayari ina uzi mweupe, na kopo limejaa vifungo vya blauzi, vya kila rangi. Karani akalitazama lile kopo, machozi yakakatika. "Mama... umeshawashonea wangapi?" "Tulia nisikuchome," alijibu, sauti ile ile laini, vidole havitikisiki hata kidogo. "Wanangu wanasoma kwa kazi hii. Nikimaliza unanawa uso, hakuna atakayejua." Alikuwa anakilinganisha kifungo na tundu lake kabisa, kichwa kakiinamisha, kama fundi aliyepewa nguo ya harusi. Karani akaushika ule mkono, akausogeza pembeni taratibu. "Iache hivi hivi, mama. Nataka waione hivi hivi." Akashuka ngazi kwenda utumishi, kifua kakiziba kwa kiganja.